Kuisoma Ngazija kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Pwani ya Lava, Kutoka Ufukweni Hadi Karthala

Sisi tuliokulia pwani ya Unguja, Lamu au Mombasa tumezoea mwamba mmoja: jiwe la matumbawe, jeupe likivunjwa, la kijivu likipigwa na jua, lenye matundu ya kukata nyayo. Ukimwambia mtu wa kwetu "kisiwa", picha inayomjia ni ardhi tambarare, mchanga mweupe na maji ya kijani hadi kwenye mwamba wa mbali ambako mawimbi yanapasukia. Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, inaivunja picha hiyo kabla hujatoka uwanja wa ndege. Ukishuka Hahaya na kuanza safari ya kuingia Moroni, mji mkuu, barabara inakata katikati ya mawe meusi yaliyofurukuta na kusimama, kana kwamba mtu alimwaga lami usiku kucha kisha akaondoka. Minazi imeota juu yake hivyo hivyo.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mngazija wa Unguja mjini. Alikuwa akisema kwao ni "kisiwa chenye jiko ndani". Nilidhani ni usemi wa wazee tu, mpaka nilipokwenda mwenyewe.

Wageni wengi hukimbilia kilele cha Karthala, volkano iliyo hai ya kisiwa hiki, siku ya pili, wakapiga picha ya shimo na kurudi. Naona wanaanza kitabu kwa ukurasa wa mwisho. Mlima wote umejengwa kwa tabaka za lava zilizoteremka hadi baharini, na baharini ndiko zilikokatwa wazi, kama mkate uliokatwa kisu. Anza pwani, jifunze herufi, ndipo upande.

Kwanza: panga siku kwa upepo na kwa mwezi

Ngazija ina majira yale yale ya kwetu. Kusi, tangu Mei hadi Oktoba, huleta hewa kavu na baridi kiasi. Njia za mlimani hupitika na anga huwa wazi asubuhi. Kaskazi, Novemba hadi Aprili, ni joto na mvua nyingi, hasa upande wa magharibi wa Karthala. Vimbunga navyo hupita: Kenneth ilipita kaskazini mwa kisiwa usiku wa tarehe 24 Aprili 2019 kabla ya kuishukia Msumbiji. Kwa kupanda mlima chagua Juni hadi Septemba. Ila kumbuka kwamba wakati huo huo kusi huivuruga bahari ya kusini na mashariki, kwa hiyo majabali ya upande huo uyatazame kwa mbali.

Jambo la pili ni bamvua. Sehemu nzuri za kusoma miamba hufunikwa na maji yakijaa. Tafuta siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali kuliko siku nyingine, na uwe ufukweni saa moja kabla ya kupwa kabisa. Ukienda siku za maji mafu utaona nusu ya unachotafuta. Kama huna jedwali la maji, muulize mvuvi yeyote. Anajua bila kutazama simu.

Pili: vitu vya kubeba

Viatu ndiyo mambo yote. Lava ya Ngazija hula soli. Mimi nilikwenda na raba nyepesi za kutembelea mjini, na saa tatu juu ya mawe ya kusini soli ya kushoto ikajifungua mdomo kama chewa. Nilirudi barabarani nimeifunga kwa kamba ya kitambaa huku watoto wakinisindikiza kwa kicheko. Vaa buti zenye soli nene, suruali ndefu, na glavu za kazi, zile za fundi mwashi zinatosha. Ukijikwaa juu ya lava, mkono ndio unaotangulia, na ile si changarawe, ni vioo.

Beba maji mengi kuliko unavyodhani. Sababu yake ni ya kijiolojia na nitaieleza huko mbele.

Halafu vifaa vitatu vidogo vya kukufanya usome badala ya kutazama tu: lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi, kichupa cha siki, na sumaku. Sumaku ya spika ya redio mbovu inafaa kabisa, lakini ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, la sivyo utakesha ukiibandua mchanga.

Tatu: simama juu ya lava, ujue imetembeaje

Usianze na mandhari. Anza na jiwe lililo chini ya mguu wako. Lava ina sura mbili kubwa, na wanasayansi duniani kote huziita kwa majina waliyoazima kwa watu wa Hawaii: pahoehoe na aa.

Pahoehoe ni ile laini. Uji wa moto ulikuwa mwepesi, ukatembea polepole, juu ukashika utando huku chini ukiendelea kwenda. Utando ukakunjamana kama ngozi ya maziwa unapoisukuma kwa kijiko. Mikunjo hiyo iliganda na leo unaiona kama kamba zilizopangwa. Zitazame vizuri: kamba zimepinda kama upinde, kwa kuwa katikati ya mkondo lava hukimbia kuliko pembeni. Tumbo la upinde linaelekea kule lava ilikokuwa ikienda. Kwa hiyo hata ukungu ukifunika mlima wote, kamba zitakuonyesha upande wa bahari.

Aa ni ile ya makali, mabonge yaliyovunjikavunjika, chungu ya makaa yasiyo na mwisho. Hapa uji ulikuwa mzito au ulikimbizwa kwenye mteremko mkali, utando ukapasuka badala ya kukunjamana. Mkondo mmoja unaweza kuanza pahoehoe juu na kuishia aa chini. Kinyume chake hakitokei. Ukikuta aa, usijaribu njia ya mkato. Mita mia moja zinaweza kukumalizia nusu saa.

Sasa okota kipande kilichovunjika upya. Vitundu vidogo ni mapovu ya gesi yaliyokwama, na huwa vingi karibu na uso wa mkondo kuliko katikati yake, kwa sababu povu hupanda. Weka lenzi: punje za kijani cha chupa ni olivini, madini yaliyoanza kuganda kule chini kabla lava haijatoka. Kaskazini mwa kisiwa, kwenye volkano ya zamani ya La Grille, lava imepandisha mabonge mazima ya kijani yenye ukubwa wa ngumi. Hayo si lava. Ni vipande vya tabaka lililo chini ya ganda la dunia, vilivyobebwa njiani kama mawe yanayobebwa na mafuriko. Ukionyeshwa kimoja kijijini, kishike taratibu; kimesafiri makumi ya kilomita kwenda juu.

Nne: kadiria umri kwa majani

Huhitaji maabara kujua mkondo upi ni wa jana na upi ni wa babu. Lava mpya ni nyeusi ya kung'aa, wakati mwingine yenye rangi ya bluu au fedha juu. Wa kwanza kuhamia ni ukungu-mwamba, ule utando wa kijivu unaofanya jiwe lionekane limemwagiwa majivu. Baadaye huja madole ya kangaga kwenye nyufa, kisha vichaka, kisha miti yenye mizizi ya kupasua. Mwishoni mtu anapanda ndizi na shelisheli na hakumbuki tena kwamba anakaa juu ya mkondo.

Pa kulijaribu somo hili ni Singani, kusini-magharibi. Mwezi Aprili 1977 ardhi ilipasuka ubavuni mwa Karthala, si kileleni, na lava ikateremka ikala kijiji hadi ikafika baharini. Watu walihamishwa, na kijiji kikajengwa tena. Barabara ya pwani inapita juu ya mkondo wenyewe. Simama mahali ambapo lava nyeusi inakutana na shamba la zamani, utazame mstari: upande mmoja minazi na udongo, upande mwingine jiwe lenye ukungu-mwamba na kangaga. Karibu nusu karne imefanya kazi hiyo tu. Ukielewa kasi hiyo, utaanza kuipima mikondo mingine ya kisiwa kwa macho.

Tena utagundua jambo linalowahusu wakazi kuliko wageni. Karthala haina desturi ya kutokea kileleni peke yake. Ina mipasuko mirefu kuelekea kaskazini na kusini-mashariki, na vilima vidogo vya kokoto nyekundu ulivyoviona shambani ni midomo ya zamani. Wenyeji huviita *choungou* kwa tahajia ya Kifaransa. Kwa sikio la Kiswahili ni chungu tu, na ukikitazama kimoja kutoka juu utaona ni chungu kweli. Barabara inayokatiza kisiwa kwenda mashariki hupita uwanda wa Diboini, ambako vyungu hivyo vimepangana vikiwa bado na ukingo wake mzima. Mwombe dereva asimame.

Tano: ufukwe, mchanga na siki

Sasa shuka pwani. Lengo la hatua hii ni kujua kila ufukwe umetoka wapi, maana Ngazija ina mchanga wa aina mbili usio na undugu.

Mchanga mweusi ni mtoto wa lava. Uji wa nyuzi elfu na zaidi ukigusa bahari hupasuka kama glasi ya moto iliyotiwa maji ya barafu, ukawa punje. Mwingine umesagwa polepole na mawimbi. Mchanga mweupe umetoka kwa viumbe: matumbawe, konokono, kombe. Chukua punje kidogo kiganjani, dondosha siki. Mweupe utatoa povu dogo, kwa kuwa ni chokaa. Mweusi utanyamaza. Kisha pitisha sumaku juu ya mweusi: punje zitaruka na kusimama kama manyoya ya paka, kwa sababu ndani yake mna madini ya chuma.

Chomoni, mashariki, ndipo mahali pazuri pa kucheza mchezo huu, kwani mchanga mweupe na lava nyeusi vimekutana pale pale na mawimbi huvipanga kwa mistari. Wakati wa kupwa utaona jinsi punje nyeusi, zilizo nzito, zinavyobaki nyuma maji yanaporudi. Kaskazini, Mitsamiouli na Maloudja zina fukwe nyeupe ndefu, maana pwani ile ni ya zamani zaidi na matumbawe yamepata muda wa kujijenga. Kwenye pwani changa za kusini-magharibi mwamba wa matumbawe ni mwembamba au haupo kabisa. Lava inaingia moja kwa moja kwenye kina.

Kina hicho kina mkazi mashuhuri. Pwani ya magharibi huteremka ghafla, na kwenye mita 150 hadi 250 chini kuna mapango ndani ya lava. Humo hushinda mchana samaki ambaye wavuvi wa Komoro humwita gombessa, na sayansi ilidhani ametoweka pamoja na dinosaria. Wa kwanza alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana kisiwa jirani cha Nzwani Desemba 1952, na wavuvi wakashangaa kelele za nini, wao walikuwa wakimjua. Mwaka 1987 Hans Fricke na wenzake wakiwa ndani ya chombo cha kuzamia walimpiga filamu akiwa hai karibu na Ngazija. Hutamwona. Lakini ukisimama juu ya jabali la pwani ile, jua kwamba pango lililo chini ya miguu yako, ulilolidhania la popo, lina ndugu zake kule chini gizani.

Sita: majabali, na jinsi ya kutokufa juu yake

Jabali la bahari ndilo ukurasa mkubwa. Mahali popote mawimbi yalipokata mwamba wima, hesabu tabaka kutoka chini kwenda juu. Kila mkondo una kokoto chini, jiwe zito katikati, kokoto tena juu. Kati ya mkondo na mkondo tafuta ukanda mwekundu kama tofali. Ule ni udongo wa zamani uliokaushwa na lava iliyokuja juu yake. Ukanda mnene maana yake volkano ililala kwa muda mrefu, msitu ukaota, kisha moto ukarudi. Pasipokuwa na ukanda, mikondo ilifuatana haraka. Ukiona nguzo zilizosimama wima, zenye pembe tano au sita, ni lava nene iliyopoa taratibu ikajipasua, kama tope la bwawa linavyopasuka kiangazi.

Iconi, kusini kidogo ya Moroni, ina jabali ambalo kila Mngazija analijua kwa sababu nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 19, maharamia kutoka Madagaska walipokuja kuteka watumwa, wanawake wa mji walijitupa kutoka juu kuliko kuchukuliwa. Nenda ukatazame miamba, lakini usianze kupiga picha za kuchekesha pale juu. Ukikutana na mzee, msalimie kwanza, mwache aseme yeye.

Sasa usalama. Usigeuze mgongo kwa bahari ya kusi. Mawimbi huja kwa makundi, na kundi kubwa linaweza kukawia dakika kumi. Kaa robo saa ukitazama kabla ya kushuka kwenye jukwaa lolote la lava. Mwamba ukiwa umelowa juu ya kimo chako, wimbi hufika pale, hata kama sasa bahari imetulia. Epuka ukingo wenye pango chini yake. Sauti ya mtutumo chini ya miguu ni onyo. Na usitembee juu ya paa la pango la lava ukiwa peke yako, kwani paa jingine lina unene wa sahani.

Saba: Niamawi, ziwa lililochimbwa na mvuke

Kaskazini, karibu na Bangoi-Kouni, liko ziwa la chumvi ndani ya shimo la mviringo, hatua chache kutoka baharini. Wafaransa waliliita Lac Salé, wenyeji, Niamawi. Hadithi husema palikuwa na mji, akaja mganga mwenye kiu akanyimwa maji, na mji ukazama kwa laana yake.

Miamba nayo ina simulizi lake, na haliko mbali sana na hilo: maji ndiyo chanzo. Lava iliyokuwa ikipanda ilikutana na maji ardhini, yakageuka mvuke kwa kishindo, na ardhi ikalipuka ikaacha shimo pana lenye ukingo wa chini. Usitafute mkondo wa lava hapa, hakuna wa maana. Tafuta kwenye kuta tabaka nyembamba za majivu yaliyoganda, moja juu ya nyingine kama kurasa, na mawe makubwa yaliyochomekwa ndani yake. Jiwe likiwa limebonyeza tabaka zilizo chini yake, ujue lilianguka kutoka angani wakati majivu bado ni laini. Jaribu kukisia lilitokea upande gani. Ni mchezo ambao ulinipotezea mchana mzima na sijutii.

Kaa juu ya ukingo. Kushuka majini kunaporomosha majivu.

Nane: maji yako wapi?

Kabla ya mlima, tulipe deni la maji. Umezunguka kisiwa kizima na hukuvuka mto. Ngazija haina mto wa kudumu hata mmoja, ingawa Karthala inapigwa na mvua nyingi ajabu. Lava changa ina nyufa na matundu kila mahali; mvua inaingia chini kabla haijakusanyika. Huko chini maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, na ndiyo maana visima vya pwani vina chumvi kidogo na kina chake hupanda na kushuka na bahari. Wakati wa kupwa, pahali pengine ufukweni utahisi ubaridi kwenye nyayo: chemchemi inatoka chini ya mawe. Wanawake wa kale walijua saa ya kwenda kuyakinga.

Vijiji vya juu hutegemea birika za mvua. Novemba 2005 Karthala ilipolipuka, majivu yaliangukia mapaa na birika, na zaidi ya watu laki moja wakawa na shida ya maji ya kunywa. Kwa hiyo ukipewa maji ya birika kijijini, usinawe nayo miguu.

Tisa: Karthala

Kilele kina mita 2,361. Njia ya kawaida huanzia Mvouni, juu ya Moroni, na hutaka siku mbili kwa mtu anayetaka kuona kitu. Chukua kiongozi wa kijijini, si kwa heshima tu: juu ukungu hushuka ndani ya dakika chache na njia hupotea. Kabla hujaondoka, uliza hali ya mlima kwenye kituo cha uangalizi wa volkano kilicho chini ya CNDRS, kituo cha taifa cha nyaraka na utafiti wa kisayansi, Moroni. Kituo hicho kipo tangu 1988. Makumbusho yao yapo hapo hapo, nenda ukaone vipande kwanza.

Ondoka alfajiri. Saa za mwanzo ni mashamba ya ndizi, majimbi na mikarafuu, halafu msitu wenye kangaga za kimo cha mtu. Sikiliza ndege, kuna bundi mdogo na drongo ambao hawaishi penginepo duniani ila kisiwa hiki. Juu ya msitu miti inakuwa mifupi, mashina yenye ndevu za kuvu, mpaka unatokea kwenye vichaka vya jamii ya erika na majivu yanayosaga chini ya buti. Hapo kuna mahali pa kulala. Usiku ni baridi kwelikweli. Sweta mbili na kofia si anasa. Maji yote unayoyatumia juu umeyabeba wewe, au punda wako, na punda huko hakuna.

Asubuhi panda ukingoni kabla ya saa moja. Kaldera, lile bonde kubwa la kileleni, iko mbele yako, kama kilomita tatu kwa nne, ukuta wake ukiwa umeshuka kwa ngazi kwa sababu ardhi ilizama chumba cha chini kilipotoka uji. Ndani yake kuna mashimo makubwa, Chahalé likiwa ndilo lenye historia ya karibu. Mlipuko wa mvuke wa Julai 1991 uliliachia ziwa la maji. Aprili 2005 ziwa likatoweka kwenye mlipuko na lava ikachukua nafasi yake. Mei 2006 ziwa la lava likaonekana tena. Januari 2007 moto mwingine. Tangu hapo mlima umenyamaza, ila mvuke bado unatoka mahali mahali.

Sasa tumia uliyojifunza. Tafuta kamba za pahoehoe sakafuni mwa kaldera. Tafuta tabaka kwenye kuta: lava chini, majivu na mawe ya mlipuko juu. Linganisha majivu haya na yale ya Niamawi, utatambua mkono ule ule wa mvuke.

Na hatari yenyewe isiyo na rangi: gesi. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa na hukaa mabondeni kama maji. Mwaka 1903 gesi ya Karthala iliua watu 17. Wenzetu wa Goma, chini ya Nyiragongo, huita mabonde ya namna hiyo *mazuku*, na neno hilo la Kiswahili sasa linaandikwa na wanasayansi wa volkano duniani kote. Usilale wala kuketi kwenye shimo lisilo na upepo. Ukiona wadudu au ndege wamekufa chini, panda juu mara moja, usiiname kuwatazama. Kichwa kikianza kuuma ghafla, huo si uchovu.

Magoti yatalalamika wakati wa kushuka. Kesho yake jipumzishe Itsandra, mji aliozaliwa Sheikh Ahmed bin Sumayt mwaka 1861 kabla ya kuwa kadhi Unguja. Ufukwe wake ni mdogo na mzuri. Mkono wa kutoa sadaka uwe wazi, magoti yafunikwe, na ukisaidiwa sema *marahaba*. Kwao ndiyo "asante". Mara ya kwanza niliijibu kama mtu aliyeshikamooiwa, wakacheka.

Kumi: ukipata siku za ziada, tazama umri wa visiwa

Kutoka Chindini, kusini kabisa, kuna boti za kwenda kisiwa cha Mwali. Usipande boti iliyojaa kupita kiasi hata kama nahodha anaapa; mlango ule wa bahari umezika wengi. Ndege ndogo ni ghali lakini nadhani ndiyo njia ya mtu mwenye watoto.

Unachokwenda kuona ni Ngazija itakavyokuwa. Mwali imeshalainika: vilima vya mviringo, udongo mzito, ziwa la Dziani Boundouni, na kobe wa baharini wanaopanda kutaga Itsamia. Nzwani imechongwa mabonde makali yenye mito, kwa sababu mawe yake yameoza vya kutosha kuzuia maji yasizame. Maore (Mayotte) ndiyo kongwe. Imeliwa na mvua ikakaa chini, na matumbawe yameizunguka kwa ukuta mpana wenye bahari tulivu ndani yake, kilomita za mraba zaidi ya elfu. Charles Darwin alipoeleza mwaka 1842 jinsi volkano inayozama inavyoachia matumbawe yake uwanja, alikuwa akieleza kitu kama hiki. Maore ni ya Ufaransa, kwa hiyo pasipoti ya Afrika Mashariki inahitaji viza. Shughulikia hiyo mapema.

Ningekuwa nimekuambia mambo rahisi kama ningeishia hapo: changa magharibi, kongwe mashariki, moto umehama. Lakini Mei 2018 Maore ilianza kutetemeka, mitetemeko mingi usiku na mchana, mmoja ukikaribia ukubwa wa 6. Mwaka mmoja baadaye meli ya utafiti ikagundua volkano mpya sakafuni mwa bahari, kwenye kina cha mita 3,500, iliyojijenga kimo cha mita 800 na ziada ndani ya muda huo mfupi. Wameiita Fani Maoré.

Kwa hiyo ukifika Petite-Terre, kisiwa kidogo cha Maore, baada ya kulitazama ziwa la kijani la Dziani Dzaha, tembea hadi ukingo wa mashariki wa kilima. Maji yamekaa kimya, jahazi moja labda, mstari wa matumbawe. Kilomita 50 mbele yako, chini kabisa, kuna mlima ambao hata watoto wa Maore waliozaliwa mwaka 2017 wamezaliwa kabla yake.